Mipaka Ndani ya Kinywa

Mtu akitamka "i" kisha akaivuta mpaka "a" bila kukata pumzi, ulimi hushuka polepole pamoja na taya, na sauti hubadilika kidogo kidogo. Konsonanti ina mahali pake: midomo hufunga kwa "b", ncha ya ulimi hugota ufizi kwa "t". Irabu haigusi kitu. Basi "i" inaishia wapi, na "e" inaanzia wapi?

Wilayani Kilosa swali hilo lina majibu mawili katika mnada mmoja wa ng'ombe. Msagara, sawa na Mvidunda wa upande wa Mikumi, amelelewa katika lugha ya Kibantu yenye irabu tano. Mparakuyo anayezungumza Kimaasai ana irabu tisa, zilizochambuliwa na A. N. Tucker na John Tompo ole Mpaayei katika sarufi yao ya 1955. Katika Kimaasai si kimo cha ulimi tu kinachohesabika. Shina la ulimi likisogea mbele, koo hupanuka, na hapo "i" moja huwa mbili, kila moja na kazi yake. Asiyezizoea husikia kitu kimoja, ingawa hewa inayotikisa masikio ya wote wawili ni ileile.

Je, irabu ni mapatano tu, basi? Jibu hilo ni pungufu, na ushahidi umo katika Kiswahili chenyewe. Pale stendi ya Mikumi, mama lishe anayempikia dereva wa lori ni mpishi. "Pikia" imebaki na "k" yake. "Mpishi" imeipoteza, ilhali zote zina "i" baada ya konsonanti hiyo. Kwa nini?

Tangu Carl Meinhof mwaka 1899, wanaisimu wameonyesha kuwa Kibantu mame, lugha iliyozaa lugha zote za Kibantu, kilikuwa na irabu saba, zikiwemo "i" mbili. Ile ya "mpishi" ilitamkwa ulimi ukiwa karibu mno na kaakaa. Hewa ikapenya kwa mkwaruzo na kuigeuza konsonanti iliyotangulia. Ndivyo pia "penda" ilivyozaa mpenzi, na "lewa" mlevi. Baadaye zile "i" mbili zikaungana. Leo hakuna sikio la Mswahili linalozitenganisha, lakini mtoto wa Kilosa husema "mpishi", wala hahitaji kufundishwa mpaka uliomlazimisha kusema hivyo.