Neno Jepesi, Jambo Zito

Vijana wa leo wana neno lao, "kukatia". Limetoka katika Sheng ya Nairobi, likatushukia Mombasa, na huko Makueni, katika soko kama la Kathonzweni, hata wenye Kikamba chao walijua. Maana yake ni kumsemesha mwanamke maneno matamu ya kumvuta moyo.

Wazee wetu walikuwa na maneno mawili. Aliyepeleka watu mlangoni aliposa, na hiyo ni sifa. Aliyenong'ona pembeni alitongoza, na hiyo ni aibu. Neno jipya limeyafunika yote mawili kwa kicheko. Acheka msemaji, abakiaye na jina baya ni binti wa watu.

Je, jambo hubadilika kwa kubadilishwa jina? Qur'ani, Sura al-Baqara, aya ya 235, imeruhusu kumdokezea posa mjane aliye katika eda, ikakataza kuagana naye kwa siri. Basi kosa si utamu wa maneno, ni maficho yake. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makosa ya kingono yamhukumu mwenye mamlaka ashikiliaye kumtaka asiyemridhia: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Sheria haikutazama jina, imetazama kitendo.

Enyi wazazi, msikemee neno tu. Mwulizeni kijana: waweza kuyasema hayo mbele ya baba yake? Akiweza, na apose. Asipoweza, huko ni kutongoza, aite apendavyo.