Je, Anayenyamaza Hudanganya?

Naomba nianze na kisa kilichonikuta mwenyewe hapa Buhongwa, halafu tuulizane swali. Swali lenyewe sikulitoa vitabuni. Lilinifuata gereji.

Nilipomaliza kidato cha nne na kuona riwaya ninayoandika hainiletei hata pesa ya sabuni, nilijishikiza kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, kando ya barabara iendayo Shinyanga. Ada sikulipa. Ada yangu ilikuwa kufagia, kushika taa na kutumwa soda. Jioni moja suka wa Hiace akaingia analalamika: muziki umekata ghafla. Mnazijua daladala za njia hii ya Mkolani na Nyegezi. Isiyo na muziki wanafunzi wanaiacha ipite, wanangoja ya nyuma. Kwa hiyo kwa suka muziki si anasa, ni hesabu ya tajiri.

Fundi alikwisha nifundisha utaratibu, na wala si uchawi. Amplifaya ikinyamaza, anza na taa yake. Taa ya kawaida ikiwaka na sauti hakuna, umeme umefika. Fuata waya zinazoleta muziki kutoka kwenye redio, kisha spika. Ikiwaka ile nyekundu, imejifunga ili kujilinda. Chomoa waya za spika; ikitulia, kosa liko huko nje, labda waya umegusa bodi. Isipowaka kabisa, tafuta vitu vitatu: moto unaotoka kwenye betri kupitia fyuzi, waya mwembamba wa redio unaoiamuru iamke, na waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi ya gari. Kimoja kikikosekana, hata iwe amplifaya ya mamilioni, kimya.

Ya suka haikuwaka kabisa. Nikabana klipu ya taa ya kupimia kwenye chuma safi, nikagusa moto: ikawaka. Nikagusa waya wa redio: ikawaka. Nikahamishia klipu kwenye hasi ya amplifaya yenyewe, nikagusa moto tena: giza. Chini ya kiti, skrubu ya hasi ilikuwa imeliwa na kutu, inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikamtazama fundi. Naye alikuwa ameiona.

"Hii imeungua, kaka," akamwambia suka. "Ninayo nyingine, tutaelewana."

Suka akanigeukia. "Eti dogo, imeungua kweli?"

Nikainama kuokota bisibisi.

Wakaelewana kwa elfu tisini. Fundi akakwangua kutu, akafunga hasi upya, akaweka hiyo nyingine, muziki ukalia. Suka akashukuru sana, akaiacha ile "mbovu" tutoe vipuri. Usiku tukaiunga kwenye betri ya gereji. Ikaimba vizuri tu. Nikapewa elfu tano, nikaichukua.

Sasa swali: mimi nilidanganya? Sikutamka neno. Kwa wiki nzima nilijitetea hivyo, kwamba mwongo ni yule aliyesema. Lakini hebu tupime kama tunavyopima waya. Suka aliuliza. Mtu akikuuliza jambo unalolijua, nawe ukainama, umeshamjibu. Aliondoka akiamini kile kile ambacho angekiamini kama ningesema "ndiyo". Tofauti ilikuwa mdomoni mwangu tu. Mfukoni mwake haikuwepo.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi. Yule ni mwalimu wangu, amenipa ujuzi bure. Mwanafunzi atamwumbuaje mwalimu mbele ya mteja? Heshima ni heshima, nakubali. Ila huyo huyo ndiye aliyenifundisha kwamba taa ya kupimia haina upendeleo: pana umeme, inawaka, hapana, haiwaki. Nikiificha habari ya taa, nimeheshimu nini katika mafunzo yake?

Utetezi wa tatu unatuhusu sisi sote. Fundi naye ana watoto. Angekwangua kutu dakika tano na kudai elfu kumi na tano, suka angemwita mwizi: "Kukwangua tu?" Ama kwa hakika wateja tunapenda kulipia kitu cha kushika mkononi, ujuzi tunautaka bure. Hapo tunamfundisha fundi kutuuzia vitu tusivyohitaji. Lakini dawa ipo, na si uongo: ataje bei ya kupima kabla hajafungua kiti. Asiyetaka aende. Ugumu wa maisha unaeleza kwa nini mtu amedanganya, haumlipi aliyedanganywa.

Na kuna lililoniuma kuliko yote. Mimi nataka kuwa mwandishi. Ng'ambo ya maji hapo, Ukerewe, alizaliwa Euphrase Kezilahabi, aliyetoa Rosa Mistika mwaka 1971, akaandika yale ambayo watu wazima waliyasema kwa kunong'ona. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni, baadaye kikaja kusomwa huko huko. Mimi nimeshindwa kusema "kutu" mbele ya watu wawili, halafu usiku nakaa na daftari eti naandika ukweli wa jamii!

Basi Jumamosi iliyofuata nilimfuata suka kituoni, nikamweleza yote. Nilidhani atanishukuru. Alinitazama kitambo, akauliza, "Siku ile ulikuwa wapi?" Akaenda gereji, akakuta amplifaya yake imeshauzwa. Elfu tisini haikurudi. Ile elfu tano nilimpa. Aliipokea bila neno. Fundi naye aliniambia tu kwamba shukrani ya punda ni mateke. Sijarudi kwake tena.

Kwa hiyo sidai kwamba nimejisafisha. Kweli niliyoisema Jumamosi ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza, ila siku ya kwanza ingemwokolea mtu elfu tisini. Nawe kijana mwenzangu, uliye dukani, ofisini au gereji, ukiulizwa leo utainama kuokota nini?