TENDO JEMA NA NIA YA MTENDAJI



Liko swali ambalo hurudi mara kwa mara katika mafundisho ya Kipaimara, na hata katika mazungumzo yetu nje ya kanisa baada ya ibada. Je, tendo jema likitendwa na mtu ambaye nia yake ni ndogo, au imechanganyika, litahesabiwa kuwa jema? Wako wasemao kwamba Mungu hutazama moyo, na kwa hiyo tendo lisilotoka katika moyo safi ni kelele tupu. Wako wengine wasemao kwamba mwenye njaa hashibishwi na nia ya mpishi, bali hushibishwa na ugali. Kila upande una neno lake, na hatuwezi kuufukuza mmoja kwa haraka.

Ili tusibishane hewani, yafaa tuchukue kisa kimoja cha kweli na kukipima. Kisa chenyewe ni cha mpira wa kikapu wa wanaume katika vyuo vya Marekani, mwaka 1963. Msistaajabu kuona mchezo katika gazeti la parishi. Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu mmoja, James Naismith, katika shule ya Springfield, Massachusetts, iliyokuwa ikifundisha watumishi wa Y.M.C.A. Alitundika vikapu viwili vya matunda ili vijana wapate zoezi wakati wa baridi. Basi mchezo huu ulizaliwa karibu sana na mlango wa kanisa.

Msimu ule Chuo Kikuu cha Loyola cha Chicago, ambacho ni chuo cha mapadre Wajesuiti, kilikuwa na timu hodari iliyofundishwa na George Ireland. Katika wachezaji watano walioanza mchezo, wanne walikuwa Wamarekani weusi: Jerry Harkness aliyekuwa nahodha, Les Hunter, Vic Rouse na Ron Miller. Wa tano, John Egan, alikuwa mweupe. Leo jambo hilo halimshangazi mtu, lakini siku zile makocha wengi walifuata desturi isiyoandikwa popote ya kutowapanga weusi wengi kwa pamoja. Ireland aliivunja. Timu yake ilimaliza msimu ikiwa imeshinda mara 29 na kushindwa mara 2 tu. Lakini vijana wale hawakupata pointi peke yake. Walitukanwa walipokwenda kucheza katika miji ya kusini, na Harkness alipokea barua za vitisho na matusi chuoni kwake.

Katika jimbo la Mississippi palikuwa na timu nyingine hodari, ya Chuo Kikuu cha Mississippi State, iliyofundishwa na Babe McCarthy. Wachezaji wake wote walikuwa weupe, kwa maana chuo hakikuwapokea weusi. Mara tatu, mwaka 1959, 1961 na 1962, timu hiyo ilikuwa imepata haki ya kwenda katika mashindano ya taifa, na mara zote tatu ilibaki nyumbani. Sababu ilikuwa moja: huko ingeweza kukutana na timu yenye wachezaji weusi, na wakubwa wa jimbo hawakutaka vijana weupe wasimame nao uwanja mmoja. Tukumbuke pia kwamba mwaka 1962, James Meredith alipoingia katika Chuo Kikuu cha Mississippi akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza, palizuka ghasia na watu wawili wakauawa. Kwa hiyo hofu haikuwa ya kubuni.

Mwaka 1963 timu ile ilipata haki hiyo kwa mara ya nne. Tarehe 2 Machi mkuu wa chuo, Dean Colvard, alitangaza kwamba safari hii vijana watakwenda. Gavana Ross Barnett hakupendezwa. Tarehe 13 Machi wanasiasa wawili walipata mahakamani amri ya kuizuia timu isiondoke katika jimbo. Kabla amri hiyo haijawafikia mikononi, Colvard alikuwa amekwisha kwenda jimbo la Alabama, na kocha McCarthy alivuka mpaka usiku kuingia Tennessee. Kesho yake asubuhi wachezaji wa akiba walitangulizwa uwanja wa ndege ili kuona kama askari wanawangoja. Hapakuwa na mtu wa kuwazuia. Wenzao wakafuata, ndege ikaruka. Siku hiyohiyo jaji wa mahakama ya juu ya jimbo aliisimamisha amri ile.

Tarehe 15 Machi timu hizo mbili zilikutana East Lansing, katika jimbo la Michigan. Kabla ya mchezo manahodha, Joe Dan Gold wa Mississippi State na Jerry Harkness wa Loyola, walisogea katikati ya uwanja wakapeana mikono. Taa za wapiga picha ziliwaka pande zote. Harkness alieleza baadaye kwamba ni wakati ule alipotambua kuwa jambo hili limepita mchezo. Loyola ilishinda kwa pointi 61 kwa 51. Mchezo ulikwisha kwa amani.

Siku nane baadaye, mjini Louisville, Loyola ilicheza fainali na Cincinnati, mabingwa wa miaka miwili mfululizo. Katika kipindi cha pili Loyola ilikuwa nyuma kwa pointi 15. Ikajikongoja, na sekunde chache kabla ya mwisho Harkness akasawazisha, 54 kwa 54. Katika muda wa nyongeza Hunter alikosa, Rouse akaudaka mpira ukirudi na kuutia kikapuni, ikawa 60 kwa 58. Wachezaji walewale watano walicheza dakika zote 45 bila kupumzishwa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, vijana wale wa Mississippi walitenda haki?

Pingamizi la kwanza ni la utii. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi mlango wa 13, anatufundisha kuzitii mamlaka. Wale waliiepa amri ya mahakama kwa hila. Twajibu hivi: Paulo huyohuyo, alipotafutwa na mkuu wa Dameski, hakwenda langoni kujisalimisha. Aliteremshwa ukutani ndani ya kapu, usiku, akaenda zake. Wakunga wa Misri nao hawakumtii Farao alipowaagiza kuua watoto, na Maandiko yanasema Mungu aliwatendea mema. Utii kwa serikali ni wajibu, tena mkubwa, wala hatumshauri mtu kuudharau. Lakini amri inayomkataza mtu kusimama karibu na mwenzake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake inashindana na Yeye aliyewaumba wote wawili. Tena wale hawakumpiga mtu, hawakuvunja mlango, wala hawakuiba. Walikwenda kucheza mpira.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ndilo kiini cha makala hii. Wengi wa vijana wale hawakutoka nyumbani kwa ajili ya haki za watu weusi. Walitaka kucheza. Walikuwa mabingwa wa kanda yao, wakaona vibaya kunyimwa nafasi. Na tukisema kweli, hata kocha wa Loyola aliwapanga weusi wanne kwa sababu alitaka kushinda. Basi iko wapi haki hapo, ikiwa kila mmoja alitafuta kikombe?

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu mwenye wana wawili, nao umo katika Mathayo mlango wa 21. Mmoja aliambiwa aende shambani, akakataa, kisha akaenda. Wa pili alijibu kwa heshima kwamba atakwenda, naye hakwenda. Bwana hakuuliza ni yupi aliyekuwa na maneno mazuri. Aliuliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba. Katika Marekani ya siku zile walikuwako Wakristo wengi wenye nia nzuri, waliohuzunika makanisani kwa ajili ya ubaguzi, kisha wakarudi nyumbani wakaketi. Vijana wachache waliotaka kucheza mpira tu walifika shambani kabla yao.

Hatusemi kwamba nia haina maana. La hasha. Nia ndiyo inayomfanya mtu aendelee wakati kikombe kimekwisha kupatikana. Tunachosema ni kwamba nia mara nyingi huja nyuma ya tendo, si mbele yake. Sisi tuliofundisha walimu tumeliona jambo hili miaka mingi. Mwanafunzi wa ualimu humsaidia mtoto mzito darasani kwa sababu mkaguzi amekaa nyuma. Akimsaidia wiki tatu, mkaguzi akaondoka, mara nyingi utamkuta bado ameinama juu ya daftari la mtoto yule. Mkono ulitangulia, moyo ukafuata. Mwenye kungoja moyo wake utakate kwanza, ndipo atende, hufa akiwa bado anangoja.

Lakini hapa yafaa tujihadhari na kosa jingine, la kuwasifu zaidi waliopiga hatua moja kuliko waliobeba mzigo msimu mzima. Gold alivuka mpaka wa jimbo siku moja. Harkness na wenzake waliishi na matusi kila siku, wakaingia uwanjani bila kulipiza. Kwake Harkness kuutoa mkono ule hakukuwa jambo rahisi, maana alikuwa anauacha uchungu aliokuwa na haki nao. Tukipima kwa mizani ya kweli, aliyesamehe alitoa kingi kuliko aliyekuja.

Wala tusidhani kwamba mkono mmoja uliponya nchi. Miezi mitatu baadaye, Juni 1963, Medgar Evers aliyepigania haki za watu weusi aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake katika jimbo hilohilo la Mississippi. Hata hivyo mbegu haikupotea. Mwaka 1965 Chuo cha Mississippi State kilimpokea Richard Holmes, mwanafunzi wake wa kwanza mweusi. Na mbegu ile iliota katika mioyo ya wawili wale pia. Gold alipofariki mwaka 2011, Harkness alisafiri kwenda mazishini. Akakuta kando ya jeneza imewekwa picha ya mikono yao miwili ikishikana. Harkness naye alifariki mwaka 2021. Kilichoanza kwa desturi ya manahodha, inayofanywa kabla ya kila mchezo, kilidumu miaka 48 na kikawa undugu.

Ndugu, tuyatie haya katika maisha yetu. Kila Jumapili, kabla ya Meza ya Bwana, Kasisi hutualika kupeana amani. Tunajua jinsi inavyokuwa. Mkono wa jirani tunaupata upesi. Wa mtu tuliyegombana naye kwa mpaka wa shamba, au wa familia iliyomkataa binti yetu kwa sababu ya kabila, tunaupita kana kwamba hatukumwona. Tukiulizwa, tunajibu kwamba moyo haujawa tayari, nasi hatupendi unafiki. Jibu hilo laonekana la uchaji, lakini mara nyingi ni kichaka cha kujifichia. Unafiki ni kutoa mkono huku tukipanga kudhuru. Kutoa mkono huku moyo ukiwa bado mzito si unafiki, ni utii, na huenda ndiyo njia pekee ya kuulainisha moyo wenyewe.

Basi jibu letu ni hili. Tendo jema lenye nia ndogo ni jema, lakini ni changa. Lapaswa kulelewa likue. Tusilikatae kwa udogo wake, wala tusiridhike nalo kana kwamba limekwisha kukua. Na kama yuko mmoja wetu ambaye jina la mtu fulani limemjia akilini alipokuwa akisoma, asingoje. Jumapili i karibu.