Motokari isiyo na paa

Yeye aliyepata kupanda lori, juu ya magunia, anajua utamu wa upepo usoni. Basi tusiwacheke upesi matajiri wanaonunua motokari za mbio zisizo na paa. Katika motokari iliyofunikwa mtu anapelekwa tu. Katika ile iliyo wazi anasikia injini, harufu ya majani na baridi ya mtoni, hata mbio anaziona kuwa ni za miguu yake mwenyewe. Furaha hiyo ni ya kweli, wala si mbaya.

Lakini twauliza: je, inamwachia mtu macho ya kuwaona wenzake? Tarehe 30 Septemba 1955, James Dean, mchezaji wa sinema wa Marekani mwenye miaka 24, aliendesha Porsche 550 Spyder yake huko California, akienda kwenye mashindano ya Salinas. Alasiri ile polisi walikuwa wamekwisha kumwandikia kosa la mwendo. Jioni, penye njia panda, mwanafunzi mmoja alikata kushoto mbele yake. Dean alikufa, fundi aliyeketi kando yake alitupwa nje, akaumia vibaya, akapona. Mwanafunzi alisema hakuiona ile motokari. Ilikuwa ndogo, chini sana, rangi ya fedha, na jua lilikuwa likishuka.

Neno hilo, kutoiona, latusumbua. Mwenye motokari wazi hudhani kila mtu anamtazama, maana mjini wanamtazama kweli, watoto hata wanamkimbilia. Njiani yule wa mbele anafikiri kufika kwao tu.