Mji Mpana na Nyumba Zisizojengwa

(Someni Nehemia 7:4-5 na Isaya 5:8)



Nehemia alipokwisha kuujenga ukuta wa Yerusalemu na kuisimamisha milango yake, aliutazama mji akaona jambo ambalo ukuta haukuweza kuliponya: mji ulikuwa mpana, watu waliokaa ndani yake walikuwa wachache, na nyumba zilikuwa hazijajengwa. Hakusema, Kazi yangu imekwisha. Mungu akamtia moyoni awakusanye watu, wakubwa kwa wadogo, wahesabiwe kwa jamaa zao. Hata katika sura ya 11 wakapiga kura, mtu mmoja katika kila kumi aje akae mjini. Angalieni, kuhesabu watu na kugawa makao ni mambo tuyaonayo kuwa ya karani tu, lakini Maandiko yasema yalitoka kwa Mungu.

Kwetu Ifakara habari imegeuka. Watu ni wengi, na nyumba wanazoziweza ni chache. Reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hata 1975, ilileta watu wa kila kabila katika bonde hili. Tena pale tulipokuwa tukingoja kivuko, daraja la Mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018. Mwuguzi mgeni, kibarua, kijana aliyeacha shamba la mpunga la baba yake, wote watafuta chumba. Mwenye nyumba humdai kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Kibarua atapata wapi kwa siku moja fedha ya mwaka mzima? Basi huteremka mahali pa bei rahisi, ambapo maji hupita. Mwezi wa Aprili 2024 Mto Lumemo ulipofurika, maji yaliingia majumbani mwa watu.

Tumezoea kulihubiri neno la Bwana juu ya nyumba iliyojengwa mchangani, na tuzidi kulihubiri, maana ni neno la kusikia na kutenda. Lakini mhubiri aangalie asimkazie macho maskini wa bondeni alisemapo mpumbavu. Mtu yule hakwenda kule kwa ujinga. Ajua kuliko sisi jinsi mto unavyokuja. Alikwenda kwa sababu mahali pa juu palikwisha nunuliwa.

Nani amepanunua? Hapo ndipo neno la Isaya linapotuchoma, asemapo ole juu yao waungao nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba hata nafasi isibaki. Wako Wakristo wenye viwanja vinne, vitano, vimeota nyasi, wakingoja bei ipande. Nao hushiriki Meza ya Bwana pamoja na mpangaji aliyefukuzwa juzi.

Halmashauri ya Mji haiwezi kumjengea kila mtu nyumba. Hata Shirika la Nyumba la Taifa, tangu lilipoanzishwa mwaka 1962, halikuweza kuwatosheleza watu wote wa mijini. Lakini kazi ya kuupanga mji imewekwa mkononi mwa Halmashauri kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, nayo ni kazi kubwa kuliko kujenga. Yaweza kupima viwanja kabla watu hawajajenga ovyo, kuyaachia maji njia yake, na kuvitoa viwanja vidogo kwa bei ya kulipwa kidogo kidogo. Serikali imepata kuzikopesha halmashauri fedha bila riba katika mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha: viwanja vikiuzwa, mkopo hurudishwa. Tena Halmashauri yaweza kuwa na ramani za nyumba ndogo zilizokwisha kuidhinishwa, maskini asilipe fundi mchoraji. Na dari na madirisha yawekwe wavu, maana wachunguzi wa afya hapa Ifakara wameonyesha muda mrefu kwamba mbu wa malaria hupenda kuingia kwa uwazi ulio chini ya paa.

Lakini kupima peke yake hakutoshi. Dar es Salaam, tangu mwaka 2002, Serikali ilipima viwanja katika mradi ulioitwa wa viwanja 20,000. Ilikuwa kazi njema. Lakini viwanja vingi viliangukia mikononi mwa watu wenye fedha tayari, na vingine vilikaa miaka mingi bila nyumba. Sharti la kuzuia hayo lipo: aliyepewa hati hutakiwa kujenga ndani ya miezi 36. Sharti hili limelala usingizi. Kwa maoni yangu diwani akiliamsha amewajengea maskini nyumba nyingi kuliko akiomba matofali. Naongeza shauri langu: mgawo wa kwanza uwe kiwanja kimoja kwa jamaa moja, na majina yasomwe hadharani.

Wala tusimpe maskini mmoja makao kwa kumwondoa mwingine. Mji ukikua hula mashamba ya mpunga, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mwenye shamba alipwe fidia kamili, ya haki, upesi. Katika sura ya 5 Nehemia aliwakusanya wakubwa waliochukua mashamba na nyumba za ndugu zao kwa deni, akawaambia warudishe siku ile ile; wala hakujitoa yeye na jamaa zake katika shauri lile, maana nao walikuwa wamekopesha. Diwani Mkristo ajue hesabu hiyo huanzia nyumbani kwake.

Akina mama nao. Binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa kudai urithi, na Bwana akasema wana haki (Hesabu 27). Tangu mwaka 2016 vijiji vingi vya Kilombero, Ulanga na Malinyi vilipimwa na hati za kimila zikatolewa, nyingine kwa jina la mume na mke pamoja. Viwanja vya mjini viandikwe vivyo hivyo, mjane asitolewe na shemeji zake matanga yakiisha.

Wazee wa kanisa, hesabuni ardhi ya usharika. Kama iko eka isiyotumika wala kupangiwa kazi, iulizwe katika baraza la wazee, kabla hatujamwuliza diwani yake.

Nanyi wainjilisti: mchoro wa mipango ukitangazwa mtaani, watu hupewa siku za kutoa maoni. Mwenye fedha hupata habari mapema, na mjane huipata bikoni zikiisha kusimikwa. Tangazo lile lisomwe kanisani Jumapili hiyo hiyo, pamoja na matangazo ya ndoa, nanyi mwandamane na watu wenu mpaka ofisi ya mtaa.