Nani Alipe Nauli ya Haki?

Msomaji, yako maswali yanayoonekana kuwa ya makarani na mawakili tu, lakini ukiyafunua utakuta chini yake swali la haki na dhuluma linalomhusu kila mtu. Mtu anapomdai mwenziwe aliye katika nchi nyingine, madai ya kawaida yasiyo ya jinai, je, ni halali fedha za umma zitumike ili mahakama za nchi mbili zisaidiane kulimaliza shauri lao? Au yafaa kila mtu agharimie ugomvi wake mwenyewe?

Nitaanza na jambo nililolijua nyumbani. Mama yangu alituzaa watoto watatu upande huu wa Busia. Baba alivuka mpaka akaenda Uganda kutafuta kazi, akakaa Jinja, na baada ya miezi michache fedha za matunzo yetu zilikoma kuja. Mama alikwenda mahakamani. Baba aliandikiwa hati ya kuitwa, hakutokea, na hukumu ikatolewa bila yeye. Mama alirudi na karatasi yenye muhuri, akatuonyesha kwa furaha kama mtu aliyeshika hundi. Haukupita muda akaarifiwa kwamba hukumu ya nchi moja haina nguvu peke yake katika nchi ya pili. Ilimpasa apate nakala iliyothibitishwa, atafute wakili wa upande wa pili, aiombe mahakama ya huko iikubali hukumu ile, na asafiri kila atakapoitwa. Alipiga hesabu ya nauli na ada, akaona jumla yake yazidi matunzo ya mwaka mzima. Aliikunja karatasi, akaitia sandukuni.

Tafadhali utazame vizuri gharama hiyo ilitoka wapi. Haikutokana na ugumu wa shauri. Lau baba angalihamia Mombasa, ambako ni mbali kuliko Jinja mara kadhaa, hukumu ile ile ingalimfuata bila kuombewa kibali. Kilichoifanya haki iwe ghali ni mstari, na mstari huo haukuchorwa na mama yangu. Kabla ya mwaka 1902 hata Kisumu ilikuwa katika Uganda. Mwaka huo serikali ya Kiingereza iliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda ikautia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Walioamua hayo hawakumwuliza mkaaji yeyote wa Busia. Mpaka ni kazi ya serikali, na aliyejenga ukuta hawezi kusema kwamba ngazi ya kuuvukia ni shauri la mpita njia.

Huenda ukanijibu kwa kinywa cha mkulima wa Nyeri: "Mimi nalipa kodi ili nipate barabara na dawa. Yanihusu nini mume wa mtu aliyekimbilia Jinja?" Mkulima huyu hasemi upuuzi. Shauri la madai ni la watu wawili, na hazina ya serikali si mfuko usio na kitako. Lakini na yeye nimwulize. Tangu tarehe 1 Julai 2010 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa na itifaki ya soko la pamoja, ili bidhaa na wafanyakazi wavuke kwa wepesi. Mwaka 2018 vilifunguliwa rasmi vituo vya pamoja vya mpakani pale Busia na Namanga, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Fedha za umma zilitumika, na hakuna aliyeuliza kwa nini kodi ya watu wote imsaidie mwenye lori. Basi serikali imfungulie mzazi lango aende kutafuta mshahara, kisha deni lake kwa watoto lisimamishwe pale pale langoni? Ibara ya 48 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inaitaka serikali ihakikishe kwamba watu wote wanaifikia haki, na kwamba ada isiwe kizuizi. Sioni mahali iliposema kwamba ahadi hiyo yakoma mtoni.

Watu wa Ulaya walilikabili swali hili kabla yetu. Mwaka 1968 nchi sita zilipatana huko Brussels juu ya kuzikubali hukumu zao wenyewe kwa wenyewe. Baadaye waligundua kwamba mapatano hayamfai maskini asiye na nauli. Hivyo mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba asiyejiweza, mwenye shauri la madai katika nchi nyingine ya umoja huo, asaidiwe wakili, tafsiri ya hati na, inapobidi afike mwenyewe, gharama ya safari. Tangu mwaka 2011, kijana aliye chini ya miaka 21 anayemdai mzazi wake matunzo kupitia ofisi maalumu za serikali hupewa, kwa kawaida, msaada wa wakili bila malipo na bila kuulizwa mali yake. Katika mfuko wa pamoja wa mambo ya haki, umoja huo uliweka kiasi cha yuro milioni 305 kwa miaka ya 2021 hadi 2027. Ukizigawa kwa watu wapatao milioni 450, ni kama senti 10 kwa mtu kwa mwaka. Hiyo si gharama yote, maana kila nchi huongeza zake, lakini yatosha kumpunguzia mkulima wetu hofu.

Mimi sisemi kila dai lilipiwe. Tajiri anayemdai tajiri mwenziwe bei ya saruji na ajilipie. Tena naziogopa fedha za umma zinazopenda kulala hotelini kwa jina la semina. Ziende kwenye hati, mkalimani na nauli.

Na zisiende kwa mdai peke yake. Hili nililielewa nikiwa mtu mzima, nilipokwenda Jinja kumtafuta baba. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mdaiwa aliye mbali naye anayo haki yake, ya kujua kwamba ameitwa. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1965 uliwekwa kwa kazi hiyo: kila nchi mwanachama iteue ofisi ya kupokea hati za mahakama za nchi nyingine na kusimamia zimfikie mwenyewe, na kwa kawaida kazi ya ofisi hiyo haitozwi malipo. Hati ya baba iliwekwa katika bahasha, ikapelekwa posta. Hapo ndipo habari zake zilipokoma.

Nilikuwa nimechukua nakala ya hukumu. Baba aliisoma ukumbini, polepole, kidole chake kikifuata mistari, mpaka kilipofika kwenye tarehe ya shauri.

"Siku hii mliniita?" akauliza. "Mwanangu, siku hii nilikuwa hapa hapa. Nani aliniambia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mpaka leo sijui kama alisema kweli.