Wa Juu na Wa Chini wa Mto Zigi

Mto Zigi, utokao katika misitu ya Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, si mto mkubwa, wala hauendi mbali kabla ya kuingia baharini karibu na mji wa Tanga; lakini juu yake wapo wakulima wenye migomba, iliki na karafuu, na chini yake liko bwawa la Mabayani, linalowanywesha watu wa mjini. Basi aliyejaaliwa kukaa juu ya mto ana haki gani kumpita jirani yake wa chini?

Amepokea Imamu Bukhari kwamba Zubeir bin Awwam aligombana na mtu mmoja katika Answari kwa ajili ya mifereji ya Harra, huko Madina. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimnasihi Zubeir anyweshe mitende yake kisha amwachilie jirani maji. Na yule Answari aliponena kwamba hukumu ile ni ya upendeleo wa ujamaa, ndipo Zubeir alipoamriwa ayazuie maji hadi yafike ukutani, yaani atwae haki yake kamili, ambayo mafakihi waliikadiria kwa kimo cha vifundo vya miguu. Wa juu, basi, hutangulia, ila kutangulia kwake kuna mpaka, na mto si milki yake. Sheria ya maji ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo imemweka Rais kuwa mdhamini wa maji yote kwa niaba ya wananchi.

Lakini kisa cha Harra ni cha maji ya mvua yashukayo yenyewe, hakikumgusa mlinzi wa chemchemi. Mkulima wa Amani hukatazwa kukata miti ya msituni, kuchimba dhahabu mtoni, na kulima ndani ya mita 60 za ukingo. Na makatazo hayo ni ya haki, kwani udongo wa mlimani hatimaye hutua bwawani. Hata hivyo hasara ni yake, na faida ni ya mwenye bomba, ambaye pengine hajapata kuiona Amani maishani mwake.

Mafakihi wana kanuni, nayo imo katika Majalla ya dola ya Uthmaniya, kwamba gharama humfuata mwenye kunufaika. Kwa kanuni hiyo naona sehemu ya malipo ya maji ya Tanga yapasa kupandishwa mlimani, ikabidhiwe wenye mashamba ya ukingoni, tena kwa hesabu ya deni wala si sadaka.